Twangoja kuyaona mahekalu ya miti

Mtakapoyasoma haya sisi tungali hapa Lubumbashi, twahesabu siku kama mtoto wa seminari ahesabuvyo siku za likizo. Tikiti imepatikana, pasipoti imepigwa muhuri wa ubalozi, na sanduku limekwisha kushushwa juu ya kabati. Mwezi wa Novemba, Mungu akitujalia, tutapanda ndege mpaka Addis Ababa, na kutoka huko mpaka Japani. Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye katika seminari, ambaye sasa ni padri mmisionari kule, ametualika tukae kwake karibu na mji wa Osaka muda wa majuma mawili. Alituuliza kwa barua tungependa kuona nini kwanza: garimoshi zile ziendazo kilomita 300 kwa saa, au maduka yang'aayo usiku kucha, au bahari? Tulimjibu siku ile ile: mahekalu ya zamani yaliyojengwa kwa miti.

Sababu ya jibu hilo ni mtu mmoja. Mzee wetu, yaani baba aliyetuzaa, ni seremala. Amefanya kazi ya mbao zaidi ya miaka hamsini, na hata sasa, ingawa mkono wake wa kuume watetemeka asubuhi, huketi kila siku mbele ya meza yake ya kazi chini ya mwembe. Ndani ya barua ile mlikuwa na picha ya mnara wa orofa tano, wenye mapaa matano yaliyopandana kama kofia. Nyuma yake mwenzetu aliandika maneno machache: hekalu la Horyu-ji, mbao tupu, umri wake kama miaka 1,300. Tulimsomea mzee. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena, akaitazama picha kitambo kirefu.

"Huyo padri wenu," akasema, "ameongeza sufuri moja."

Tukamhakikishia ya kuwa hesabu ni sawa. Akatikisa kichwa. "Mbao haziishi miaka elfu, mwanangu. Mchwa hawajui kusoma tarehe." Kisha akatusimulia habari ambayo tulikuwa tumeisikia mara nyingi, lakini safari hii alifika mpaka mwisho wake. Katika ujana wake aliezeka kanisa dogo la kijiji kimoja, mwendo wa siku mbili kwa baiskeli kutoka hapa. Mbao za mulombwa alizichagua mwenyewe msituni, akazikausha mwaka mzima, akaziunga kwa ulimi na tundu kama alivyofundishwa na bruda mmoja. Paa lile lilisimama miaka ishirini na minne. Halafu bati moja likatoboka. Maji yakaingia, boriti ikalowa, mchwa wakafuata maji. Watu waliliona tone likianguka wakati wa misa, nao wakasogeza benchi. Msimu uliofuata wakalisogeza tena. Usiku mmoja wa mvua paa likaanguka, na kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu ndani.

"Mchwa si wao walioliua," mzee akasema. "Waliliua wale waliosogeza benchi."

Tangu jioni ile tumekuwa tukisoma kila tulichoweza kupata juu ya mahekalu ya Japani, na kila jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi humpelekea mzee tuliyoyapata. Yeye huyapima kama apimavyo ubao, kwa jicho moja. Haya tutakayowaeleza yamepita mbele ya jicho hilo.

Tuanze na mnara wa picha. Mwana wa mfalme aitwaye Shotoku alilianzisha hekalu la Horyu-ji mwaka wa 607, mahali paitwapo Ikaruga, karibu na mji wa Nara. Kitabu cha kale cha mambo ya wafalme wa nchi ile chasema ya kuwa mwaka wa 670 moto ulilila lote. Wakajenga upya, na mwanzoni mwa karne ya 8 mnara na jumba kuu, waliitalo jumba la dhahabu, vilikuwa vimesimama. Ndivyo vilivyopo hata leo, na vyahesabiwa kuwa kati ya majengo ya miti yaliyo ya kale kupita yote ulimwenguni. Mnara una urefu wa meta 32 hivi. Katikati yake imepita nguzo moja kubwa toka chini hata juu. Mwaka wa 2001 wataalamu waliohesabu mizunguko ya umri iliyomo ndani ya nguzo hiyo walitangaza ya kuwa mti wake ulikatwa mwaka wa 594, yaani kabla hata ya hekalu lile la kwanza kuanzishwa. Basi gogo hilo lilikuwa wapi miaka yote hiyo? Wataalamu wabishane, sisi tutaridhika kusimama chini yake.

Mzee hakujali sana habari ya tarehe. Aliuliza: "Ni mti gani?" Ni mti uitwao hinoki, wa jamaa ya misipresi ile ipandwayo kandokando ya njia za misioni na penye makaburi. Una mafuta ndani yake yenye harufu nzuri ambayo wadudu hawaipendi. Waliopima nguvu za ubao wake wamegundua jambo la ajabu: baada ya kukatwa, nguvu zake hazipungui upesi, bali huongezeka polepole kwa muda wa miaka mia mbili hivi, kisha huanza kushuka, polepole vilevile. Mafundi wa kule husimulia ya kuwa ukipitisha randa juu ya boriti ya miaka elfu, harufu ile hutoka tena kana kwamba mti umekatwa juzi. Hapo mzee aliinua kichwa.

Akauliza la pili: "Na miguu ya nguzo?" Nguzo za mahekalu yale husimama juu ya mawe, hazichimbiwi ardhini, ili unyevu wa udongo usizifikie. Ila nguzo ile moja ya katikati ya mnara wa Horyu-ji ilichimbiwa chini hapo kwanza, na sehemu ile iliyofukiwa iliooza kabisa ikabaki shimo tupu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alifurahi kuona ya kuwa hata wale mafundi wakuu walipata funzo lile lile alilolipata yeye kwa banda lake la kwanza la kuku. Tena mapaa ya kule yametokeza nje sana, yaani kivuli chake chaenda mbali kupita ukuta, hata mvua ya upepo isipige nguzo. Uzito wa mapaa hayo hushikwa na vipande vya mbao vilivyopachikana juu ya nguzo kama vidole vya mikono miwili. Tetemeko la ardhi lipitapo, na katika Japani hupita mara nyingi, viungo hivyo hucheza kidogo, vikapokea ule mshtuko na kuugawanya.

Watu husema ya kuwa mahekalu hayo hayana hata msumari mmoja. Sisi tuliyaamini maneno hayo na tukayapeleka kwa mzee kama habari kubwa. Baadaye ikatubidi kurudi na kuungama. Misumari imo, mirefu, iliyofuliwa kwa nyundo juu ya makaa, na mingine imedumu kama mbao zenyewe kwa karne nyingi. Lakini kazi ya kubeba nyumba ni ya viungo. "Hapo sasa wasema kweli," mzee akajibu. "Fundi akikuambia hatumii msumari, mwulize anaficha nini."

Lakini mchwa wamo Japani pia, na mvua, na tufani, na moto. Mti mzuri na jiwe chini ya nguzo havitoshi kuilinda nyumba kwa miaka 1,300. Tulipofika hapa katika masomo yetu ndipo tulipokutana na jambo ambalo sasa twalivukia bahari. Kila baada ya miaka mia kadhaa hekalu huvuliwa. Twasema huvuliwa, kama mtu avuliwavyo nguo. Mafundi hupanda juu, huondoa vigae kimoja kimoja, huteremsha boriti, nguzo na vipande vidogo vyote, huandika alama juu ya kila kimoja, hutazama palipooza, hukata palipooza tu na kupachika ubao mpya wa mti ule ule, kisha hujenga tena kama ilivyokuwa. Na kati ya kuvuliwa na kuvuliwa, kila kizazi hufanya matengenezo madogo. Kazi kubwa ya namna hiyo katika Horyu-ji ilianza mwaka wa 1934 ikamalizika mwaka wa 1985. Vita kuu ilipita katikati yake, nao waliendelea, ingawa mafundi wengine waliitwa jeshini.

Katika kazi hiyo lilitokea pia jambo la huzuni. Alfajiri ya tarehe 26 Januari 1949 moto ulizuka ndani ya jumba la dhahabu, ukaziunguza picha zilizochorwa juu ya kuta zake tangu karne nyingi. Sehemu za juu za jumba zilisalimika kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuvuliwa na kuwekwa kando. Nchi nzima ilisikitika. Mwaka uliofuata, 1950, walitunga sheria ya kulinda mali ya kale ya taifa, na tangu mwaka wa 1955 tarehe hiyo ya 26 Januari ni siku ya kujizoeza kuzima moto katika mahekalu ya nchi nzima. Twapenda kuona ya kuwa hawakuishia katika hotuba: siku hiyo mipira ya maji hufunguliwa kweli, na watawa wenyewe huishika.

Mmoja wa mafundi waliovua na kujenga tena Horyu-ji aliitwa Nishioka Tsunekazu, aliyezaliwa mwaka wa 1908 na kufariki mwaka wa 1995. Babu yake alikuwa mkuu wa maseremala wa hekalu lile, na baba yake vilevile seremala. Kijana alipotaka kusoma shule ya ufundi, babu alikataa, akampeleka shule ya kilimo. Kwa nini? Kwa kuwa asiyejua udongo hawezi kujua mti, na asiyejua mti ajenge nini? Mafundi wa ukoo ule walipokezana mafundisho kwa mdomo. Moja lasema ya kuwa mjenzi asinunue magogo sokoni, anunue mlima, yaani aende akaone mti ulikulia wapi. Mti ulioota upande wa kusini wa mlima uwekwe upande wa kusini wa nyumba, maana umezoea jua. Mti uliojipinda kwa upepo usitupwe, utafutiwe mwenzake aliyejipinda kwa upande wa pili, washikane. Mzee alitusomesha sehemu hii mara tatu. Jioni ya tatu alikuwa amewaita majirani wawili waje kusikia.

Karibu na Horyu-ji liko hekalu la Yakushi-ji, nalo tutaliona siku ya pili au ya tatu. Lilikuwa na minara miwili. Ule wa mashariki ni wa mwaka wa 730, nao ulivuliwa wote na kujengwa tena katika kazi iliyokwisha mwaka wa 2020. Ule wa magharibi uliteketea mwaka wa 1528, na mahali pake pakakaa wazi zaidi ya miaka mia nne. Mkuu wa watawa, aitwaye Takada Koin, alitaka kuyarudisha majengo yaliyopotea. Hakwenda kuomba matajiri wachache. Aliwaalika watu wa nchi nzima wanakili kwa mkono ukurasa wa maandiko yao, kila mtu wake, pamoja na sadaka ndogo, na nakala zikapita milioni moja. Hivyo jumba kuu likajengwa upya mwaka wa 1976 na mnara wa magharibi mwaka wa 1981, chini ya mkono wa Nishioka. Magogo makubwa ya kutosha hayakupatikana tena Japani, ikawabidi kuyaleta kutoka Taiwan, miti yenye umri wa miaka zaidi ya elfu. Huyo fundi aliujenga mnara mpya juu kidogo kupita wa zamani, kwa makusudi. Mbao hukaza na kushuka kwa uzito wake. Baada ya karne kadhaa, ndivyo alivyopiga hesabu, minara miwili italingana. Tulimsomea mzee, akanyamaza, akatazama meza yake ya kazi.

Sasa inatupasa kusema jambo ambalo jioni moja hatukulisoma mbele yake. Fundi Nishioka alikuwa na wana, lakini hawakuichukua kazi yake. Kwa muda mrefu mahekalu hayakuwa na fedha, na seremala wa hekalu hakuwa na kazi ya kutosha kulisha nyumba. Wana wakatafuta njia nyingine. Tulifunga kitabu. Sisi wenyewe tuliingia seminari ndogo tungali watoto, wakati mkono wetu ulikuwa ndio kwanza unazoea randa. Mzee alitusindikiza mpaka kituo cha garimoshi, akatupa shilingi chache na kutubariki, wala hakusema neno. Ndugu zetu wawili, mmoja ni dereva wa lori na mwingine auza simu. Vyombo vya mzee, tezo, patasi kumi na nne, misumeno na randa za mti alizozitengeneza mwenyewe, havina mrithi. Sisi tuna diploma ya ualimu na hatujui kunoa patasi.

Juma lilipita kabla hatujamweleza. Alisikiliza, kisha akauliza kwa utulivu: "Na ule mnara mpya, alijenga peke yake?"

La, hakujenga peke yake. Kijana mmoja, Ogawa Mitsuo, alikwenda Nara pamoja na wanafunzi wenzake katika matembezi ya shule. Aliusimamia mnara wa Horyu-ji, akauliza moyoni waliwezaje kuupandisha bila mashine, naye akaamua papo hapo kuwa seremala wa mahekalu. Hakuwa wa ukoo ule hata kidogo. Alipobisha kwa Nishioka alirudishwa, kwa maana kazi haikuwapo. Akaenda kujifunza kwa mafundi wengine, akarudi, akapokewa mwaka wa 1969. Mwanzoni alikatazwa kusoma magazeti na kutazama televisheni. Kazi yake ilikuwa kunoa vyombo tu. Siku moja mwalimu wake alipitisha randa juu ya ubao, ukatoka utepe mwembamba usio na kovu, akampa bila maelezo. Kijana aliubandika penye kioo cha dirisha, akawa akinoa na kuranda mpaka maranda yake yakafanana na ule utepe. Mwaka wa 1977 alianzisha karakana yake mwenyewe, ambamo vijana wa kila ukoo hula, hulala na kufanya kazi pamoja. Mzee aliuliza kama alifundishwa kwa maneno mangapi. Tukamwambia: machache sana. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

Tena kuna jambo lililomchekesha yeye na majirani: randa ya Kijapani huvutwa kuelekea kifuani, wala haisukumwi, na msumeno wao hukata unapovutwa. Alijaribu kuishika yake kinyume, akakwaruza ubao mzuri wa mlango wa mtu.

Kutoka huko tutakwenda mjini Nara penyewe, kwenye hekalu la Todai-ji. Humo mna sanamu ya Buda ya shaba, urefu wake kama meta 15, iliyofunguliwa kwa sherehe mwaka wa 752. Mtawa aliyetoka Bara Hindi ndiye aliyeichora macho. Mfalme Shomu alipotangaza kazi hiyo mwaka wa 743 aliwaalika raia zake wasaidie, hata mwenye uwezo wa kuleta jani moja la nyasi au ukufi wa udongo. Jumba la sanamu hiyo liliunguzwa na vita mwaka wa 1180, na ukusanyaji wa sadaka za kulijenga upya ukakabidhiwa kwa mtawa Chogen, mzee wa miaka 61. Likaungua tena kwa vita mwaka wa 1567, na sanamu ikakaa chini ya mvua na jua miaka mingi. Jumba la sasa lilimalizika mwaka wa 1709. Ni dogo kuliko lile la kwanza, lakini upana wake wa mbele ni meta 57. Wakati ule miti mikubwa ilikuwa imekwisha adimika, basi nguzo zake zimetengenezwa kwa vipande vingi vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma kama pipa. Magogo mawili ya msonobari ya kubeba paa yalivutwa kutoka kisiwa cha Kyushu, mbali sana. Chini ya nguzo moja pana tundu, watoto hupenya kwa kicheko. Mwenzetu ameandika ya kuwa hata sisi tutajaribu. Twamjibu ya kuwa mwalimu wa umri wetu akikwama ndani ya nguzo ya hekalu, habari zake zitafika Lubumbashi kabla yake.

Mahali pengine tutapita upesi zaidi. Katika Toshodai-ji tutasalimu kumbukumbu ya Ganjin, mtawa wa Kichina aliyejaribu mara tano kuvuka bahari akashindwa, akafika mara ya sita akiwa amepofuka macho, akalianzisha hekalu lile mwaka wa 759. Katika Kyoto tutaona Kiyomizu-dera, jumba la mwaka wa 1633 lenye ukumbi uliotokeza juu ya bonde, meta 13 kutoka chini, na paa la magamba ya hinoki lililoezekwa upya mpaka mwaka wa 2020. Tutaona pia Kinkaku-ji, nyumba iliyopakwa dhahabu, ambayo mtawa kijana aliichoma kwa mkono wake mwezi wa Julai 1950, nao wakaijenga tena mwaka wa 1955. Watalii huisifu kuliko zote. Sisi hatuna haraka nayo. Dhahabu twaijua hapa kwetu, na tumeona ilivyowatendea watu.

Jambo moja litawafurahisha wasomaji wa nchi yetu. Huko Osaka liko hekalu la Shitenno-ji, lililoanzishwa mwaka wa 593. Ili kulijenga, Shotoku yule yule aliita mafundi kutoka Korea, na ukoo wa mmoja wao uliendesha karakana ya ujenzi wa mahekalu tangu mwaka wa 578 mpaka mwaka wa 2006, ilipoingia mikononi mwa kampuni kubwa zaidi. Jina la karakana hiyo ni Kongo Gumi! Kumbe si jina la mto wetu. Kwa Kijapani neno kongo ni kitu kigumu kama almasi, kisichovunjika. Mzee alisema basi na tuazime maana yao. Ila tukimfika mlinzi wa Shitenno-ji hatutamwuliza sana juu ya mbao: baada ya kuteketezwa mara nyingi, na mara ya mwisho kwa mabomu ya mwaka wa 1945, majengo yake makuu yalijengwa upya kwa saruji na chuma katika miaka iliyofuata.

Mkristo mmoja wa parokia yetu alituuliza kwa nia njema kama si dhambi kusafiri mbali hivyo kwenda kutazama nyumba za dini nyingine. Tulimkumbusha ya kuwa maaskofu waliokutana katika Mtaguso wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, waliitaja dini ya Buda kwa heshima, na kutufundisha tusikatae lolote lililo kweli na takatifu ndani yake. Tutavua viatu mlangoni kama wenyeji, hatutapiga picha palipokatazwa, na rozari itakaa mfukoni.

Swali gumu zaidi aliliuliza mwalimu mwenzetu wa hesabu: nyumba iliyobadilishwa vigae, mbao na misumari, je, ni ile ile? Swali hilo lilikutanisha wataalamu wa nchi nyingi mjini Nara mwaka wa 1994. Wazungu walikuwa wamezoea kuhesabu ukale kwa jiwe lisiloguswa. Mkutano ule ulikubali ya kuwa kila taifa lina njia yake ya kutunza ukweli wa kitu cha kale, na ya kuwa ufundi na desturi navyo ni ushuhuda. Mwaka wa 2020 UNESCO ikaweka ufundi 17 wa kutunza majengo ya miti ya Japani katika orodha ya urithi wa wanadamu: kuranda, kuezeka kwa magamba, kufinyanga vigae, kupaka rangi na kadhalika. Kiko kitabu cha mikono, basi, kama vile kilivyo cha majumba. Mwalimu wa hesabu hakuridhika. Mzee alimjibu kwa mkato: "Shoka hili nimelibadilisha mpini mara sita. Mwulize mke wangu kama ni la nani."

Tumekubaliana na mwenzetu ya kuwa siku ya kwanza, kabla ya Kyoto na kabla ya wale paa wa Nara ambao huinamisha kichwa wakiomba biskuti, atatupeleka Ikaruga kwa garimoshi la asubuhi. Ameahidi pia kumwandikia seremala mmoja wa mahekalu, atuonyeshe vyombo vyake kwa robo saa. Tuna daftari yenye maswali kumi na manane ya mzee, yote kwa mwandiko wake: wanyoa wapi pembe ya ulimi, wakausha gogo miaka mingapi, wamlipa nani anayepanda juu ya paa kutazama tone.

Juzi jioni tulimwuliza tumletee zawadi gani. Tulidhani atataka patasi, maana chuma cha kule chasifiwa sana. Akakataa. Hakutaka picha wala kitabu. "Nenda kwa huyo fundi," akasema, "umsalimu kwa heshima. Mwombe apitishe randa mara moja juu ya ule mti wenye harufu, uniletee maranda yake. Nataka kunusa. Halafu nitayabandika pale." Akaonyesha kioo cha dirisha la karakana.

Tukamwuliza ni nani atakayeranda mpaka yafanane, kwani mkono wake hautulii tena. Hakujibu. Asubuhi yake tulikuta juu ya sanduku letu bahasha kubwa ya karatasi ngumu, pembe zake zimekunjwa sawasawa kwa rula, na ndani yake patasi moja ndogo iliyo butu, imefungwa kitambaa, na kijiwe cha kunolea.

Bahasha tunakwenda nayo. Patasi tumeitoa sandukuni, haitapanda ndege. Tumeanza kuinoa jioni chini ya mwembe, naye hutazama kwa jicho moja, na mpaka leo hajasema ya kuwa inakata.